Naomba ushauri: tangi la samaki niliweke wapi?

Wakuu, habari za leo. Nimenunua tangi la kioo la lita 200, nataka kufuga samaki wa mapambo wa Ziwa Nyasa. Nimepanga ghorofa ya tatu, Dar. Maji peke yake ni kilo 200, bado kioo, mchanga na mawe, kwa hiyo nawaza kulisogeza ukutani. Tatizo, ukuta wenye soketi ya pampu unapigwa na jua la asubuhi, naogopa maji yatageuka kijani kwa mwani. Kona nyingine haina jua, ila iko nyuma ya mlango, na wanangu wanavyoubamiza! Mke wangu anasema chumbani. Mlio wa pampu usiku nitauweza kweli? Nyie mnaofuga mmeweka wapi? Pazia zito litatosha kuzuia hilo jua?