Mada: Sentensi ya Kijapani inaanzia wapi?

Kutoka: mgeni wa Nagoya

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za masiku.

Nimekuja Nagoya kumfuata mume wangu aliye chuoni. Hiragana, herufi zao za mwanzo, nimeimaliza, kuhesabu najua, maneno ya dukani ninayo ya kutosha. Kinachonishinda ni kuyapanga. Programu ya simu inanifundisha kwa kupitia Kiingereza, na kila sentensi naiona imepinduka. Mwezi ujao naanza kliniki ya wajawazito, na mume wangu hataweza kunisindikiza kila mara. Nianzie wapi, ndugu zangu?

---

Kutoka: dada wa Hamamatsu

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana.

Kwanza, Kiingereza kiweke pembeni, upitie Kiswahili. Programu hizo zimetungwa kwa watu ambao sentensi yao haisimami bila “mimi” au “yeye”, ndiyo maana zinakujazia *watashi wa* kila mahali. Wewe ukisema “nimekula” huhitaji kutanguliza “mimi”. Mjapani naye anasema *tabemashita*, basi. Tofauti ni kwamba hata ile “ni-” yetu hana: aliyekula anajulikana kutokana na mazungumzo.

Jambo la pili ndilo shina la yote: kitenzi kinakaa mwisho. “Asubuhi hii nimekunywa chai nyumbani” inakuwa *Kesa, uchi de ocha o nomimashita*, yaani asubuhi hii, nyumbani, chai, nimekunywa. Hivyo vya katikati unaweza kuvibadilisha nafasi na bado ukaeleweka, kwa sababu kila kimoja kimefuatwa na kijineno kinachosema kazi yake. *O* inafuata kitu kinachotendwa, hapa chai. *De* inafuata mahali pa kutendea. Lakini kitenzi hakihami.

Hapo kwenye mahali tulia kidogo, maana Waswahili tunateleza sana. Sisi “-ni” yetu inabeba yote: niko nyumbani, napika nyumbani. Kijapani kinatenganisha. Kama mtu au kitu kipo tu mahali, au kinaelekea huko, tumia *ni*: *Uchi ni imasu*, niko nyumbani, *Byouin ni ikimasu*, naenda hospitali. Kama kuna shughuli inafanyika pale, tumia *de*: *Uchi de ryouri shimasu*, napika nyumbani. Jiulize tu, hapo mahali pana kazi inayofanyika, au ni kuwapo na kuelekea?

Sasa *wa*, ambayo ni rahisi kuidhania alama ya mtenda. Usikubali. Mtu akikukaribisha chakula utamjibu, “Samaki nakula, nyama sili.” Umeanza na kile mnachokizungumzia, kisha ukasema neno lako juu yake. Kijapani ni vilevile: *Sakana wa tabemasu. Niku wa tabemasen.* Samaki hapo hali chochote, ndiye mada. Wenzetu Waislamu sentensi ya namna hii wanaihitaji tangu siku ya kwanza: *Butaniku wa tabemasen*, nyama ya nguruwe sili.

Na *ga*? Kwa kliniki ikumbuke hivi: sisi husema “tumbo linaniuma”, tumbo ndilo linalotenda. Wao *Onaka ga itai desu*. Kichwa, *Atama ga itai desu*. Mgongo, *Senaka ga itai desu*. Ukibadilisha kiungo cha mwili, sentensi inabaki ileile.

La mwisho kwangu ni mkia wa kitenzi. *Nomimasu*, nakunywa au nitakunywa. *Nomimasen*, sinywi. *Nomimashita*, nilikunywa. *Nomimasen deshita*, sikunywa. Kwetu ukanushi unasikika mwanzoni kabisa, “si-” au “ha-”, kwa hiyo tumezoea kujua mapema. Kwao ndiyo na hapana inakuja mwishoni. Nesi akikueleza habari ya dawa usiitikie kabla hajamaliza, sikiliza mpaka silabi ya mwisho. Nalisisitiza hili kwa sababu tunapenda kuitikia “ee, ee” katikati ya maneno ya mtu, na huku mtu akiitikia *hai* wanaweza kudhani ameshaelewa. (Dawa nao wanakunywa kama sisi, hata ikiwa kidonge: *kusuri o nomimasu*.)

---

Kutoka: kaka wa Fukuoka

Dada kamaliza karibu yote. Naongeza mawili.

Maelezo yote hutangulia kinachoelezwa. Sisi jina kwanza, kisha sifa: nyumba kubwa, kitabu cha mwalimu, dawa niliyokunywa jana. Wao kinyume kabisa: *ookii ie*, *sensei no hon*, *kinou nonda kusuri*. Hiyo ya tatu tazama vizuri: jana, nilikunywa, dawa. Hakuna “amba-” wala “-yo-”, kitenzi kinasogezwa tu mbele ya jina. Ukisikia kitenzi halafu papo hapo jina, jua hilo jina linaelezwa.

La pili ni kuunganisha vitendo. Sisi tuna “-ka-”: niliamka, nikala, nikaenda kazini. Wakati tunautaja kwenye kitenzi cha kwanza, vingine vinafuata. Wao wana umbo la *-te*: *Okite, tabete, shigoto ni ikimashita.* Wakati umetajwa kwenye kitenzi cha mwisho. Ni “-ka-” iliyogeuzwa, na mtu aliyekua akisimulia hadithi kwa “-ka-” hana sababu ya kuogopa *-te*.

Ila dada, mimi ningemwambia ajifunze mapema na maumbo mafupi, *nomu, nonda, nomanai* (nakunywa, nilikunywa, sinywi). Ndiyo atakayoyasikia kwa majirani na kwa watoto.

---

Kutoka: dada wa Hamamatsu

Kayasikie, sawa, lakini mdomoni aanze na *-masu*. Mbele ya daktari na watu wa manispaa hiyo ndiyo heshima, na hakuna atakayemshangaa akiitumia hata kwa jirani. Ila maumbo mafupi mbele ya mtu wa kuheshimiwa yana gharama.

---

Kutoka: mgeni wa Nagoya

Asanteni mno. Nimekaa nayo jioni nzima. Naomba mnisahihishie:

*Kinou no yoru kara onaka ga itai desu. Gohan wa tabemasen deshita. Mizu wa nomimashita.*

Nilitaka kusema tumbo linaniuma tangu jana usiku, chakula sikula, maji nilikunywa.

---

Kutoka: dada wa Hamamatsu

Sahihi, mdogo wangu, kila kijineno kiko mahali pake. Na umeona *wa* ilivyofanya kazi: chakula hapana, maji ndiyo. Hapo daktari keshapata cha kuanzia. (*Kara* ni “tangu” au “kutoka”, nayo inakuja baada ya neno lake.)

Kabla ya kliniki fika ofisi ya manispaa ukaandikishe ujauzito. Watakupa *boshi techou*, daftari la mama na mtoto, na kuponi za kupunguza gharama za vipimo. Liombe la lugha mbili, sehemu nyingi wanayo, ingawa la Kiswahili usilitarajie. Daftari hilo nenda nalo kila unapokwenda kliniki. Ukiwa hapohapo uliza habari za *nihongo kyoushitsu*, madarasa ya Kijapani yanayoendeshwa na watu wa kujitolea. Mengi ni ya bure au ya ada ndogo. Nyumbani sikiliza NHK World, shirika la utangazaji la Japani kwa nchi za nje, wana idhaa ya Kiswahili na wametoa masomo ya Kijapani kwa lugha yetu.

Mtu akikusemesha haraka, mwambie *Yasashii nihongo de onegai shimasu*. *Yasashii nihongo* ni Kijapani chepesi, cha sentensi fupi. Kilianza kuandaliwa baada ya tetemeko kubwa la Kobe la mwaka 1995, wageni wengi walipokosa kuelewa matangazo ya dharura. Wafanyakazi wengi wa manispaa wanakifahamu, na baadhi wamefunzwa kukitumia.

Na dharura ikitokea piga 119, sema *Kyuukyuu desu*, yaani ni mgonjwa, si moto, maana namba hiyo ni ya gari la wagonjwa na ya zimamoto pia. Kisha kabla ya hayo ya tumbo sema *Ninshin shite imasu*, nina mimba. Hiyo itangulize popote, hata unaponunua dawa dukani.