Aneksi 15 na Noeli: naweza kuvuka mpaka Lille?

Furaha wa Nguba (Tournai), 9 desemba

Yambo wote, munisamehe naandika murefu juu niko na hasira. Karta A yangu (ya kukaa Ubelgiji) inaisha tarehe 19. Niliomba kuifanya upya ku wakati wake kabisa, kati ya siku 45 na 30 mbele iishe, rondevu ku komine (ofisi ya muji) ikaanguka leo. Nimechukua tiketi 64, nimengoja saa mbili na nusu, kufika ku gishe yule mama tayari ameingiza mukono moja mu koti, anafungua dosie, anasema karatasi ya mituele (bima ya afya) ni ya mwezi wa nane, anataka ya mupya, nirudi tarehe 8 ya mwezi wa kwanza. Nikamwambia basi nipe hata aneksi 15, ile karatasi ya kungojea karta. Eti hapana, aneksi 15 ni mpaka dosie itimie. Sasa dada yangu iko Lille, Ufaransa, na mama mudogo ameshafika pale toka Bukavu na viza ya mwezi moja, hatujakula Noeli pamoja tangu 2017. Toka Tournai mpaka Lille ni treni ya nusu saa! Njo swali: mutu akiwa na karta imeisha na pasipoti bado nzima, anaweza kuvuka na kurudi? Na kama wangenipa ile aneksi 15, ingenisaidia ao ni ya kukaa tu?

Papa wa Katuba (Charleroi), 9 desemba

Pole sana mutoto yetu. Mi mu 2011 nilipata shida kama hiyo, komine ingine lakini bantu ni bale bale, bwana moja akapoteza foto zangu mara mbili, nikarudi mara ine, mara ya ine akaniambia foto ninacheka na ku foto habachekake. Wapi nilikuwa nacheka, meno yangu njo iko hivi. Ile Noeli nilikula sardini ya mu kopo na mukate. Ukiwa na boyulu (bale banaosoma dosie mbaya) omba kuona mukubwa wao.

Mutoto wa Kadutu (Gent), 9 desemba

Papa, pamoja na heshima, 2011 siyo leo, na Furaha hajauliza foto. Aneksi 15 inakuwa ya siku 45, inaonyesha tu kama uko hapa na haki wakati unangojea karta. Siyo karatasi ya kusafiria. Watu wanachanganya kila mwaka, kila desemba ni email ile ile.

Yaya wa Birere (Bruxelles), 10 desemba

Mimi nilienda Paris na aneksi 15 na nikarudi, hakuna hata mutu aliniangalia.

Mutoto wa Kadutu (Gent), 10 desemba

Yaya, kukosa kukamatwa siyo ruhusa. Siku polisi atapanda mu treni utamweleza kama "hakuna mutu aliniangalia"?

Mama Neema (Namur), 10 desemba

Mwanangu Furaha vumilia, na ule mutoto wako wa mu masomo ya chini, aliweka viatu tarehe 6? Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa sikujua mambo ya Saint-Nicolas, ule mutakatifu anayeletea batoto zawadi mu viatu, hata kidogo. Mutoto anarudi masomo analia, wenzake wote walikuta mandarini na spekulosi na chokoleti mu viatu vyao, yeye eti Saint-Nicolas hamujue juu tulitoka mbali. Nikakimbia ku duka na sandale, baridi ile! Kurudi, viatu vyake nilikuwa nimeviosha, vinatoa maji, nikaona tu bote za kazi za baba yake, zile za chuma mbele. Nikajaza mandarini mule. Asubuhi nyumba nzima inanuka machungwa na soksi. Mutoto alifurahi kabisa, lakini akaniuliza karoti ya punda wa Saint-Nicolas iko wapi.

Mutoto wa Kadutu (Gent), 10 desemba

Ni farasi, mama. Farasi mweupe. Anatoka naye Hispania mu meli.

Mama Neema (Namur), 10 desemba

Miaka 14 niko hapa na batoto batatu, nimekata karoti 14. Ni punda.

Mutoto wa Kadutu (Gent), 10 desemba

Huku Flandre watoto wote wanaimba farasi. Na tukiwa pale pale, yule mutumishi wake mwenye kupakwa uso mweusi, hilo hamuongelei?

Mama Neema (Namur), 11 desemba

Hilo nililiongelea na mwalimu uso kwa uso, nikimaliza hakukuwa rangi mwaka ule. Lakini mnyama ni punda.

Yaya wa Birere (Bruxelles), 11 desemba

Muache wanyama. Mimi kinachonimaliza ni ile usiku ya tarehe 24. Saa moja ya magaribi barabara kimya, vole za madirisha zote chini, unasema labda watu wamehama. Kwetu Goma saa ile fundi wa cherehani bado anapigana na nguo za watoto wa quartier nzima, mama anamusimamia ku kichwa, umeme unaenda, anashona na tochi ya simu mu meno. Kesho yake watoto wanatoka na zile nguo, zingine pindo bado ni uzi tu, wanapita nyumba kwa nyumba, muchele hapa, sambaza (samaki wadogo wa ziwa) pale, hakuna mutu alipiga simu kwanza kuuliza kama wanaweza kuja.

Mwaka ulipita nikasema acha nijaribu. Nikakaanga sambaza, zile za kukausha dada alinitumia, nikaweka ndizi na pilipili kando, nikagonga kwa jirani. Akafungua na munyororo bado ku mulango. Nikamwambia ni Noeli. Akapokea, alishukuru vizuri, siwezi kumusema. Tarehe 27 nakuta sahani mbele ya mulango, imeoshwa mpaka inangaa, na karatasi "merci". Tupu. Nilisimama nayo mu kuloari nikawaza mama yangu angesema nini kuona sahani inarudi tupu. Na mama mwenyewe sasa, benki za Goma zilifungwa mu mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege hivyo hivyo, pesa ya kuku ya Noeli namutumia ku simu, yule wa kutoa pesa naye anakata yake, na wale walioleta haya yote

Admini, 11 desemba

Yaya, nimekata hapo. Hapa siyo pa politiki, tulisha kubaliana mu mwezi wa pili.

Papa wa Katuba (Charleroi), 12 desemba

Admini mupenzi, politiki njo ilianza kugusa Noeli, siye sisi. Batoto hamujue kama Mobutu, raisi wetu wa zamani, alitoa Noeli mu siku za kupumzika? Tarehe 25 desemba tulienda masomo kama siku yote, bababa banaenda kazi.

Mutoto wa Kadutu (Gent), 12 desemba

Hiyo ilikuwa 1972, na authenticité, ile politiki yake ya kurudilia mambo ya kienyeji.

Papa wa Katuba (Charleroi), 12 desemba

72 ni kukataza majina ya ubatizo. Noeli ni 74. Nilikuwa darasa ya tano, usinifundishe. Mama alichinja kuku ku usiku, polepole, ju jirani alikuwa mutu wa MPR, chama ya Mobutu. Tulikula na bukari (ugali) saa kumi na moja asubuhi, bado giza, kisha masomo. Natoa kaye, vidole vyote mafuta, karatasi inashikana. Mwalimu akakuja karibu kuniambia kitu, akanyamaza. Mikono yake pia ilikuwa inanuka kuku.

Yaya wa Birere (Bruxelles), 12 desemba

Papa, hii ungetuambia kitambo.

Kivu Yetu (Liège), 18 desemba

Yambo, ninapita Kigali tarehe 28, kisha barabara mpaka Grande Barrière, mupaka wa Goma. Niko na nafasi ya kubebea watu mizigo kilo 6. Siyo simu, siyo dawa. Mwaka jana mutu alinipa "zawadi kidogo", kufungua ni pasi ya kunyoosha nguo.

Mama Neema (Namur), 18 desemba

Niandikie kilo mbili. Na nani anajua mahali pa sombe (majani ya muhogo) ya kutwangwa yenye haijakauka na baridi? Ile ya Matonge, Bruxelles, nilipata ilikuwa barafu na majani kidogo.

Furaha wa Nguba (Tournai), 20 desemba

Wandugu, karta imeisha jana. Sombe tayari iko Lille, mama mudogo alibeba ya kukausha na maharagi ameshachagua, kila siku ananiuliza ku simu nafika na treni ya saa ngapi, na mimi nasema tutaona. Mutoto amefungasha sanduku lake tangu juma ilipita, bote za baridi ziko mu nailoni karibu na mulango. Nimesoma email zote. Narudilia: nivuke ao nisivuke?

Papa wa Katuba (Charleroi), 20 desemba

Mu 2011 mi sikuvuka.

Mama Neema (Namur), 20 desemba

Nimeuliza mwalimu wa masomo leo nikienda kutwaa mutoto. Ni punda.