Fundi kaanika shati lake juu ya fensi yangu ya umeme!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Si kwa kupigwa shoti, maana shoti kwenye ile fensi haipo. Ni hasira.

Yule fundi. Simtaji, mnamjua. Wa ngazi ya bluu. Wa "usijali bosi". Yule anayepokea simu kabla hajalipwa, akishalipwa simu inakufa. Kanizungushia fensi ya umeme ukuta mzima, kachukua hela yake yote, kaniachia bango la njano la HATARI getini na enajaiza, kile kifaa cha kusukuma umeme kwenye fensi, inayopiga tak, tak, tak usiku kucha.

Leo nimemwita kwa sababu paka wa jirani ameigeuza ile fensi mahali pa kujikunia. Miguu yote minne iko juu ya ukuta, mgongo anausugua kwenye waya wa chini, macho kafumba kwa raha. Paka! Kwenye fensi niliyoambiwa itamrusha mtu mzima!

Fundi kaja, jua kali, shati limelowa jasho chapachapa. Kaegesha ngazi, kapanda, kavua shati, KALIANIKA KWENYE WAYA. Waya wangu niliolipia mimi! Akalinyoosha na kola ili lisikunjamane. Halafu akaegemea kiwiko palepale, akanitazama usoni mbele ya mke wangu, watoto na mlinzi, akasema:

"Bosi, mwizi haji na testa. Anasoma bango, anaondoka."

Mlinzi alicheka mpaka akakaa chini. Mlinzi ninayemlipa mimi.

Jamani, KOLA! Alinyoosha kola!

Alipoondoka (na shati limekauka vizuri kabisa) nikafungua boksi. Kijitabu cha maelekezo bado kimo ndani ya nailoni, hakijawahi kuguswa na mwanadamu. Nimekisoma chote. Kutoka kwenye enajaiza hadi ukutani kavuta waya wa kawaida wa taa za ndani. Erthi ni kinondo kimoja kifupi kama kijiko, kachomeka chini ya baraza ambako mvua haijawahi kufika tangu nyumba ijengwe. King'ora kipo, kizuri, kinang'aa, nyaya zake zimefungwa fundo na haziendi popote. Fundo! Kama za viatu!

Mtu wa namna hii anapewaje ngazi?

Nyundo Butu: Namjua!!! Kwangu alitundika begi lake la vifaa kwenye waya wa juu, na begi lile lina nyundo mbili. Nilipomuuliza akasema anapima kama nyaya zimekaza.

Kofia ya Chuma: Mkuu pole sana. Swali moja tu: lilikauka upande wa mgongo pia au ulimsaidia kuligeuza?

Mwenye uzi: Hili si la kuchekesha. Lilikauka lote. Ndilo linaloniuma! Kama kungekuwa na umeme angepigwa alipogusa tu kwa mkono wa jasho. Badala yake kanyoosha kola.

Waya Mkavu: Wakuu, hili lina maelezo. Enajaiza inatoa pigo fupi mno, halifiki hata milisekunde 10, halafu inatulia kama sekunde moja ndipo ipige tena. Kwenye nyaya za ukutani unategemea volti 5,000 hadi 10,000. Waya wa taa ganda lake limetengenezwa kwa volti mia kadhaa tu. Ukipitishia pigo la fensi humo linavujia ukutani njiani, nyaya za juu zinabaki pambo. Fensi ina kebo yake yenye ganda nene. Erthi nayo ndiyo njia ya umeme kurudi: pigo linampitia mwizi, linaingia ardhini, linarudi kwenye enajaiza. Ardhi ikiwa kavu na nondo ni moja fupi, njia hiyo haipo. Ndiyo maana paka anasinzia. Zinatakiwa nondo kadhaa ndefu, zilizoachana, kwenye udongo wenye unyevu, na zisiunganishwe na erthi ya nyumba. Juu ya ukuta tunapanga waya mmoja wa moto (wenye umeme), mmoja wa erthi, kwa kupokezana, ili hata aliyesimama kwenye tofali kavu akishika nyaya mbili apigwe vilevile.

Kuhusu shati: shati bichi likigusa waya wa moto na wa erthi kwa pamoja, volti zinashuka na king'ora lazima kilie. Kwa hiyo bila kujua amekufanyia majaribio, na fensi imefeli.

Mwenye uzi: Majaribio??? Aje anianikie nguo niite majaribio?

Kofia ya Chuma: Kesho anakuja na shuka.

Mtaa wa Nyuma: Mnahangaika bure. Toeni hiyo enajaiza, chukueni waya kutoka kwenye soketi mfunge moja kwa moja kwenye fensi. Paka na fundi wote watanyooka.

Waya Mkavu: USITHUBUTU. Umeme wa soketi haupumziki. Ukishika, misuli inakaza, mkono hauachii, unafia palepale. Pigo la enajaiza linakurusha na kukupa nafasi ya kuachia. Hata kiwango cha kimataifa, IEC 60335-2-76, kinaweka ukomo wa nishati ya jouli 5 kwa pigo na mapigo yasizidi moja kwa sekunde. Ukifunga soketi kwenye ukuta wa kwanza kufa ni mtoto anayefuata mpira, na wewe utaenda jela.

Mtaa wa Nyuma: Nilikuwa natoa wazo tu.

Jicho la Usiku: Bora wewe king'ora chako kimefungwa fundo. Cha jirani yangu kinalia kila upepo ukivuma. Matawi ya mti wake yanagusa nyaya, volti zinashuka, alamu inapiga, saa nane ya usiku mtaa mzima uko macho isipokuwa yeye. Nikimwambia apunguze matawi anasema mti una kivuli kizuri. Kivuli usiku?

Binti Mrefu: Jicho la Usiku, tuko mtaa mmoja? Maana wangu ni hivyohivyo, na mti wake unadondosha majani kwangu. Nafagia mimi.

Jicho la Usiku: Mlango wake una rangi ya kijani?

Binti Mrefu: KIJANI!

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye shati. Kashika KOLA kwa vidole viwili, kainyoosha, juu ya waya ninaoambiwa una volti elfu saba. Nataka mnishauri, namdai hela yote au nusu?

Nyundo Butu: Dai yote. Ila hatapokea simu.

Betri Chovu: Mwenye uzi, angalia na betri ndani ya hiyo boksi. Mimi yule yule fundi aliniwekea boksi tupu. Umeme ukikatika fensi nayo inalala, kumbe betri ya volti 12 haikuwahi kuwemo. Nilikuwa nalinda nyumba kwa plastiki.

Mwenye uzi: Naenda kuangalia.

Binti Mrefu: Jicho la Usiku, huyo mwenye mlango wa kijani ana mbwa pia. Mbwa analia sambamba na king'ora. Wanapokezana.

Jicho la Usiku: Yule mdogo mweupe? Huyo anaanza hata kabla ya king'ora.

Mwenye uzi: Hakuna betri. Kuna gazeti lililokunjwa.

Geti Bovu: Nyie mna bahati mnalalamikia fensi. Mimi mota ya geti inafunguka yenyewe jirani akibonyeza rimoti yake. Fundi aliniambia nimwombe jirani abonyeze taratibu.

Kofia ya Chuma: Ngazi yake ni ya bluu?

Geti Bovu: Bluu. Kwa nini?

Binti Mrefu: Geti Bovu, na wewe mti wa jirani unakuletea majani?

Geti Bovu: Majani yanaingia ndiyo, geti liko wazi.