Wenye vituo vya kulelea watoto Unguja na Pemba, mlijuaje kwamba wakati wa kupanua umefika? Tupeane uzoefu

Mwenye kituo, Fuoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nina kituo cha kulelea watoto huku Fuoni, nyumba ya kukodi yenye vyumba vitatu na ua wenye ukuta. Wanaoniletea watoto ni wauguzi, walimu wa skuli na wenye maduka Darajani. Nafasi zimeshajaa na simu za wazazi haziishi. Sasa wapangaji wa nyumba ya jirani wanahama mwezi ujao, na mwenye nyumba ananitaka mie kwanza, ila anataka kodi ya mwaka mzima mkononi.

Pesa ninayo, ya upatu na akiba. Lakini pesa hiyo hiyo ndiyo inayolipa walezi wangu mwezi ambao wazazi wanachelewesha ada. Naomba waliokwisha kupita hapa waniambie walipimaje. Hongera nazishukuru, leo nahitaji visa vyenyewe.

Wa Chukwani

Wa alaykum salaam dada. Anza na hao wanaokupigia simu. Mie nilikuwa na daftari zima la majina. Kabla sijagusa pesa nilimpigia kila mzazi, nikamwambia nafasi itakuwepo Januari, leta nusu ya ada nikuandike. Wengi walisema watanirudia. Wengine walikuwa wameandikisha vituo vitatu kwa mpigo, na wengine bibi yake mtoto alikwisha kuja kutoka shamba kumlea. Waliotoa pesa ndio niliowahesabu.

Halafu tazama umri. Likizo ya uzazi ni siku 90, kwa hivyo anayepiga simu mara nyingi ni mama anayerudi kazini na mtoto wa miezi mitatu. Hawa ndio wanaotaka mikono mingi. Kule Marekani, NAEYC, taasisi inayothibitisha ubora wa vituo vya watoto wadogo, inapendekeza mlezi mmoja asizidishe wachanga 4, na kundi la chumba kimoja lisizidi 8. Sisi hatuko chini yao, lakini aliyewahi kulisha wachanga wanne peke yake anajua hawakukosea.

Sasa piga hesabu. Wanne kwa ada ya 100,000 ni 400,000. Mlezi ukimlipa 350,000, umebakiwa na 50,000 ya umeme, maji, sabuni, kodi na mchango wa ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii. Chumba cha wachanga hakijilipi. Kinabebwa na watoto wa miaka miwili na mitatu, ambao mlezi mmoja anaweza kuwa nao wengi zaidi. Nyumba ya pili ukiijaza wachanga watupu, itakula pato la nyumba ya kwanza.

Mwenye kituo, Fuoni

Hapo umenigusa khasa. Wanaonipigia karibu wote watoto wao ni wa miezi mitatu, minne.

Wa Jambiani

Huku kwetu kituo kinakwenda na bahari. Mama wa mwani wanashuka pwani wakati wa bamvu, maji yanapotoka mbali, na siku hizo ua wangu unafurika. Yakija maji mafu wanabaki nyumbani na watoto wao. Mtu akipita siku ya bamvu ataniambia nijenge kesho.

Kuna na wa mahoteli. Juni mpaka Oktoba, na tena kuanzia Disemba mpaka Februari, wanafanya kazi hata Jumapili. Masika ya Aprili na Mei hoteli nyingine zinafunga, nyingine zinapunguza watu, na mtoto anarudi nyumbani kwa mama yake. Ndiyo maana mie nilipima kwa Mei. Nilijiuliza kama watoto ninaobakiwa nao Mei wanaweza kulipa walezi wote pamoja na kodi ya nyumba kubwa zaidi. Jibu lilikuwa hapana, na mwaka wa pili likawa hapana tena.

Nikaongeza saa badala ya vyumba. Kituo kinafunguliwa baada ya sala ya alfajiri kwa wenye zamu ya asubuhi, na jioni tunabaki mpaka Isha. Nyumba ile ile, watoto wengine, mlezi mmoja wa ziada. Naamini wengi wetu tunakimbilia kuta na huku nusu ya saa za nyumba tuliyonayo zimelala.

Mlezi, Mwanakwerekwe

Naomba niseme nikiwa mlezi, si mwenye kituo. Bosi wangu alipofungua tawi aliwachukua wazoefu wawili kati yetu wanne akawapeleka huko, ili tawi lianze vizuri. Nia yake ilikuwa njema. Lakini watoto waliobaki asubuhi wakakuta sura ngeni. Alikuwepo mmoja wa mwaka na nusu ambaye mchana halali mpaka mlezi wake amsugue mgongo. Yule mlezi alipoondoka mtoto akawa analala kwa kulia, na sisi tuliobaki tulikuwa na wengine mikononi. Wazazi hawakugomba. Mmoja mmoja walihama.

Dada, kabla ya nyumba, ajiri mlezi. Akae sasa hivi na watoto ulionao, awazoee wamzoee, ajue nani ana pumu, nani hali samaki, nani mama yake amekataza asichukuliwe na mjomba. Mshahara wake utauona mzito kwa sababu hujaongeza hata mtoto mmoja, lakini gharama ya kupanua inaanzia hapo. Rangi ya ukuta na midoli vinanunuliwa kwa siku moja. Mlezi anayeaminiwa na mtoto hapatikani hivyo, na mie hili linaniuma kila nikisikia mtu anazungumzia tawi akaanza na nyumba.

Wa Wete

Sisi Pemba tuna karafuu. Msimu ukiwa mkubwa akina mama wanakuwa mashambani mchana, na usiku wanachambua, na watoto hawana wa kubaki nao. Nilikwenda kwa sheha, nikazungumza na jirani mwenye chumba cha nje, nikakikodi kwa msimu tu na kuweka walezi wawili kwa mkataba wa msimu. Karafuu zilipokwisha nikakirudisha. Mwaka uliofuata mikarafuu ilizaa kidogo na chumba kile sikukihitaji kabisa.

Wa Bububu

Mie natofautiana kidogo na wenzangu. Ukingoja mpaka hofu yote iishe hutopanua. Kwangu tatizo lilikuwa kila Januari. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka maandalizi ya miaka 2 kabla ya msingi, basi mtoto akifika miaka minne mzazi anampeleka skuli ya maandalizi. Nawapoteza wale wale ambao mwenzetu wa Chukwani amesema wanawabeba wachanga. Nikachukua nyumba ya pili kwa ajili ya darasa la maandalizi, na wengi wakabaki. Mchana wanakula kwangu, kisha wanakwenda chuoni kusoma Kurani.

Ila jambo moja: kibali chake si kile cha malezi. Maandalizi unakwenda Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, malezi unakwenda Ustawi wa Jamii. Waulize wote kuhusu vyoo, uzio na mlango wa pili kabla hujampa mwenye nyumba shilingi. Nyumba inayokaa tupu ikisubiri karatasi inadai kodi kama iliyojaa.

Mwenye kituo, Fuoni

Ahsanteni sana, Mungu awalipe kheri. Nimefungua daftari langu la ada nikatazama miezi ile mibaya. Ramadhani iliyopita, ofisi zinafunga mapema na wengine wanabaki na watoto wao, na baada ya walezi na kodi kilichobaki kilikuwa kidogo mno. Kwa hivyo mlezi mpya naanza naye mwezi huu, na wenye kutaka nafasi nawaomba nusu ya ada.

Mwenye nyumba nimemwomba miezi sita badala ya mwaka. Amesema atafikiri, na mie nikishindwa naye nitamwachia. Wa Wete, huo mkataba wako wa walezi wa msimu, kama huna ubaya, uweke hapa tuuone ulivyoandikwa.