Yule mwenyekiti wa suti ya bluu kamwambia mzee wangu "kaa chini" mbele ya kamati nzima!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kikaoni sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mnamjua. Kila kamati ya harusi kuanzia Ukonga mpaka Segerea mwenyekiti ni yeye, na msibani anashika kipaza sauti kabla ya wafiwa. Jina sitaji, hakuna haja.

Leo tunasubiri mhasibu amalize kuhesabu ahadi, ndege ikapita juu yetu inakwenda kutua, mabati yakalia. Mzee wangu, miaka 81, akaanza kusimulia. Huyu alipakia mizigo pale uwanja wa ndege wa Dar tangu 1967, enzi za East African Airways, shirika la ndege la Kenya, Uganda na Tanzania. Alikuwa anaeleza ndege yao ya Super VC10 ilivyokaa: injini nne, zote mkiani, mbili kila upande. Kanyanyua mkono wa kulia uwe mkia, wa kushoto anapachika vidole viwili huku, viwili kule. Watu kimya, hata wapishi wamesogea mlangoni.

Jamaa akamkata: "Mzee, kaa chini bwana. Uwanja ule umejengwa 2019, kabla ya hapo ilikuwa mihogo tu."

KAA CHINI. Na mkono wa mzee ukabaki hewani.

2019! Kilichozinduliwa na Magufuli Agosti 2019 ni jengo la TATU la abiria, la watu milioni 6 kwa mwaka. La tatu! La kwanza na la pili yaliota kama uyoga? La pili limefunguliwa 1984, kalichora Paul Andreu, Mfaransa yule yule aliyechora jengo la duara la Charles de Gaulle kule Paris. Mzee kapakia mizigo pale kabla hata msingi wake haujachimbwa!

1977 East African Airways ilipokufa mzee alikuwepo, akaenda kazini asubuhi shirika halipo, mpaka Air Tanzania ilipoanzishwa mwezi Machi. Oktoba 1999 mwili wa Mwalimu uliporudi kutoka London alikuwa pale, kofia mkononi. Uwanja huo huo leo una jina la Mwalimu. Halafu mtu ambaye ndege anaziona kwenye kalenda anamwambia mihogo?

Mkono, jamani. Ulikaa juu kama dakika nzima. Halafu akaushusha polepole, akaufuta kwenye kanzu kama vile umeshika uchafu. Njia nzima mpaka nyumbani hajasema neno. Mtu mzima anaambiwa kaa chini na mtu aliyezaliwa wakati yeye ana watoto watatu! Kaa chini! Kama konda anamwambia denti!

#2 Kisiki wa Banana
Pole sana mkuu, mpe mzee shikamoo yangu. Huyo mtu kwenye arobaini ya shangazi yetu alimsahihisha shehe dua. Na yeye ni Mlutheri.

#3 Ndimu Kavu
Baba yako anadhalilishwa umekaa kimya unakula karanga, sasa hivi umekuja kuwa simba kwenye simu. Gazeti lote hili ungemsomea yeye pale pale.

#4 Mtoto wa Mpakiaji (mwanzisha uzi)
@Ndimu Kavu nilisimama! Kiti kilianguka, shangazi akanivuta shati mpaka kifungo kikatoka, ninacho hapa mfukoni. Ungeuona ule mkono usingeandika upuuzi.

#5 Mama Karakata
Mihogo ilikuwepo jamani, tusidanganyane. Sisi tulilima Kipawa karibu na uzio, uwanja tayari upo miaka na miaka. Nyumba yetu ilipigwa X nyekundu kupisha upanuzi nikiwa shule ya msingi, tumekuja kuondoka nina mtoto mgongoni. Miaka yote hiyo hujengi, hupaki rangi, choo kikititia unakitazama tu. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

#6 Bwana Begi
Mimi nilitua usiku, teksi akaniambia elfu hamsini mpaka Ukonga Mombasa. Mombasa ya hapo hapo! Nikaburuta begi mpaka barabarani, nikasubiri gari la Gongo la Mboto. Gurudumu la begi liliisha siku ile.

#7 Ndimu Kavu
@Bwana Begi elfu hamsini ungefika Mombasa ya Kenya.

#8 Fundi Propela
Mzee atakuwa anachanganya, yenye injini nne ilikuwa Comet.

#9 Mtoto wa Mpakiaji (mwanzisha uzi)
Comet injini zake zilikuwa ndani ya mabawa! Shirika lilikuwa nazo zote, Comet na VC10. Nimemuuliza mzee sasa hivi kupitia dirishani, hajalala. Kaniambia "mwambie mkiani". Mkono hajaunyanyua. Turudi kwenye hoja, huyu mwenyekiti anatoka lini?

#10 Mama Karakata
Hatoki huyo. Mwaka wa ngapi huu?

#11 Kisiki wa Banana
Subiri, hiyo kamati ni ya harusi ya Jumamosi ya tarehe 14? Mhasibu wenu nimemtumia elfu sabini tangu mwezi wa tatu, kadi sijaiona.

#12 Bwana Begi
Hata mimi! Nikipiga anasema ziko kwa mchapaji.

#13 Ndimu Kavu
Elfu sabini ni singo, mnataka kuja na nani?

#14 Kisiki wa Banana
Nilikubaliana naye dabo. Meseji ninayo.