Kobe wangu wawili: niwape chakula kiasi gani, na mara ngapi?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina kobe wawili wa nchi kavu, mmoja mkubwa, mwingine bado anaenea kiganjani. Kila asubuhi nawapa majani, rundo linalolingana na gamba la kila mmoja. Tatizo ni yule mkubwa: anamaliza yote kwa dakika chache, kisha ananifuata mlangoni kama mdai. Nikimhurumia naongeza. Juzi nimeona gamba lake limeanza kutoa vinundu, na najua vinundu huhusishwa na kukua haraka na hewa kavu, ndiyo maana nimeingiwa na wasiwasi.

Mdogo nadhani kila siku ni sawa, bado anakua. Ila mkubwa, nimruke siku moja moja, au nipunguze tu rundo? Nyasi kavu naweza kumwachia azitafune kutwa? Matunda nimeshaacha, yalimharisha. Unga wa maganda ya mayai nawanyunyizia mara mbili kwa wiki. Maji yapo muda wote, ingawa mdogo ameyageuza choo.

Mwenye uzoefu anisaidie, hasa kama huwa unampima kobe wako uzito.