Utafiti wa utoro sekondari: madodoso 300 yanatosha?

Mwanachuo_Dom
Wakuu, habari za leo. Niko mwaka wa mwisho. Mada yangu ni "Sababu za utoro katika shule za sekondari mkoani Dodoma". Nimechukua shule tatu za serikali zenye wanafunzi 1,200 kwa jumla. Nilipanga kuingia madarasani, kugawa madodoso 300 na kuyakusanya siku hiyo hiyo. Msimamizi amenirudishia andiko. Nimekosea wapi?

Babu Takwimu
Idadi haina shida, mkuu. Kwa fomula ya Yamane ya kukadiria sampuli, yaani idadi ya watu wa kuhoji, 1,200 gawa kwa (1 + 1,200 × 0.0025) unapata 300 kamili; hiyo 0.0025 ni kosa linaloruhusiwa la asilimia 5, yaani 0.05 × 0.05. Shida ni kwamba unamtafuta mtoro darasani. Siku utakayokwenda hayupo, na watakaojaza ni wahudhuriaji wazuri wanaokisia habari za wenzao.

Anzia kwenye daftari la mahudhurio. Omba la mihula miwili, hesabu siku alizokosa kila mwanafunzi bila ruhusa, kisha weka kipimo chako cha utoro, tuseme zaidi ya siku 10 kwa muhula, na ukiandike sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Gawa majina mafungu mawili, watoro na wasio watoro. Watoro wakiwa 80 tu, kuchukua kila jina la nne kutakupa 20 hivi, hao ni wachache mno. Wachukue wote 80, wengine uwapate kwa kuruka majina, mahali pa kuanzia papigiwe kura. Mtoro asiyeonekana afuatwe nyumbani. Ukimweka aliyepo badala yake, umerudi kule kule.

Halafu shule tatu si mkoa. Punguza kichwa kiwe cha halmashauri.

Mama Chaki
Dodoso lenyewe usiulize ada. Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu 2016. Uliza michango, hasa ya chakula. Swali kama "Je, umbali na njaa hukufanya ukose shule?" ni maswali mawili, akijibu ndiyo hujui ni lipi. Jaribu kwa wanafunzi 10 wa shule isiyo kwenye utafiti, ushike saa. Wakizidi dakika 20, kata maswali.

Kibali Kwanza
Barua ya chuo ianzie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke halmashauri, afisa elimu sekondari, ndipo mkuu wa shule. Tembea na nakala za kutosha, kila ofisi itabaki na yake. Wengi wako chini ya miaka 18, kwa hiyo mzazi asaini ridhaa na mtoto naye akubali. Kwenda majumbani, mtendaji wa mtaa ajue mapema. Novemba usiguse, kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa.

Mwanachuo_Dom
Nashukuru sana. Walioacha shule kabisa nao niwahesabu watoro?

Babu Takwimu
Hapana, huo ni mdondoko, mada nyingine. Waondoe kwenye ile 1,200 kwanza, ndipo upige hesabu upya. Wakibaki 1,100, sampuli ni 294.